Injini Haipimwi kwa Kupigwa Resi

Ingia gereji yoyote ya injini ndogo siku ya makabidhiano, uangalie mteja anavyokabidhiwa mashine yake. Fundi anavuta kamba, injini inawaka, anaiacha ipate moto kidogo, kisha anaipiga resi. Inalia safi, moshi hakuna. Mteja anatikisa kichwa kwa kuridhika, hela zinatoka, pampu inafungwa nyuma ya pikipiki na safari ya shamba inaanza.

Hapo hakuna kilichopimwa. Nalisema hili kwa sababu linaniuma, na anayelipia si fundi, ni yule anayeondoka na pampu.

Injini isiyobeba kitu haihitaji nguvu ya maana. Inashinda msuguano wake yenyewe, inazungusha feni ya flaiwili, lile gurudumu lake zito, basi. Hata injini ambayo ringi zake zimekwisha na valvu moja inavuja itafika mizunguko 3600 kwa dakika bila shida, na sikio la kawaida halitaona tofauti kati yake na injini mpya. Kinachofanya zifanane ni gavana. Ndani ya injini hizi kuna vyuma vidogo vinavyotanuka kadiri mwendo unavyopanda, na vinavyotanuka ndivyo vinavyofunga mlango wa hewa wa kabureta. Bila mzigo, mlango huo unakaa karibu umefungwa. Injini nzima inaufungua kidogo, iliyochoka inaufungua kidogo zaidi, na zote mbili zinalia mle mle. Tofauti yao inajitokeza pale tu mlango unapofunguka wote na bado mzigo unadai.

Kwa mkulima wa nyanya kule Ngarenanyuki, Arusha, siku ya kudai ni pale maji yanapotakiwa kupanda kutoka mtoni hadi shamba la juu. Nimesikia swali hili mara nyingi: "Fundi, mbona pampu inalia vizuri lakini maji hayafiki?" Jibu lake liko kwenye tabia ya pampu zenyewe. Pampu hizi za kurusha maji kwa feni hula nguvu kwa kufuata mwendo ukizidishwa mara tatu: mwendo kwa mwendo kwa mwendo. Injini iliyopoteza asilimia 20 ya nguvu itapunguza mwendo kwa asilimia 7 hivi, jambo ambalo hakuna atakayelisikia kwa sikio. Lakini kimo ambacho pampu inaweza kusukumia maji hufuata mwendo kwa mwendo, kwa hiyo kinashuka kwa karibu asilimia 14. Pampu iliyokuwa na uwezo wa kusukuma mita 30 sasa inakomea mita 26. Ukiijaribu pale kando ya mto inamwaga maji kama kawaida. Shamba likiwa mita 27 juu, haliji hata tone, na mtu anaambiwa abadilishe mpira wa maji.

Ndiyo maana nilijenga dainamomita, kifaa cha kupima nguvu ya injini ikiwa imebeba mzigo. Jina ni kubwa kuliko kitu chenyewe. Ni breki, mkono wa chuma na mizani.

Wazo lake ni la zamani sana. Mhandisi Mfaransa, Gaspard de Prony, alilitumia tangu 1821 kupima nguvu za mitambo, na mpaka leo breki ya aina hiyo inaitwa kwa jina lake. Unachukua ngoma inayozungushwa na injini, unaibana kwa vipande viwili vya mbao, na kwenye mbao hizo unafunga mkono mrefu. Ngoma inapozunguka inataka kwenda na mbao. Mkono unakataa, kwa sababu ncha yake imekaa juu ya mizani. Mizani inasoma kani, yaani msukumo wa mkono huo. Ukijua kani, urefu wa mkono na mwendo wa ngoma, umeijua nguvu ya injini.

Kinachonivutia zaidi kwenye kifaa hiki ni orodha ya mambo usiyohitaji kuyajua. Huhitaji kujua mbao zina msuguano kiasi gani. Huhitaji kujua umezibana kwa nguvu kiasi gani, wala kama zimelowa au zimekauka. Hata kipenyo cha ngoma hakiingii kwenye hesabu. Chochote kinachotokea pale ngoma inapokutana na mbao, ngoma inaisukuma mbao kwa kiasi kile kile mbao inavyoizuia ngoma, na jumla yote inaishia kwenye ncha ya mkono. Ukiwa na mita ya kupimia urefu, mizani ya dukani na kifaa cha kuhesabu mizunguko, huna haja ya maabara.

Sasa urefu wa mkono. Hapa kuna hila ambayo mafundi wa zamani Ulaya waliijua na mimi naipenda kuliko kitu kingine chochote kwenye kazi hii. Nguvu ya farasi ya kimetriki, ile inayoandikwa PS, ni kunyanyua kilo 75 kwenda juu mita moja kila sekunde. Ukiipeleka hesabu hiyo kwenye kitu kinachozunguka, unapata kwamba nguvu ni kilo za kwenye mizani, mara urefu wa mkono kwa mita, mara mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 716.2. Basi ukikata mkono wako uwe na sentimita 71.6 kutoka katikati ya shafti mpaka pale unapogusa mizani, namba hiyo ya usumbufu inatoweka. Inabaki kilo mara mizunguko, gawa kwa elfu moja. Mizani ikisoma kilo 3 ngoma ikiwa kwenye mizunguko 1200, una farasi 3.6. Mwanafunzi wa darasa la tano anaifanya kichwani. Anayetaka kilowati moja kwa moja akate mkono wa sentimita 97.4, hesabu ni ile ile.

Pima urefu huo kwa makini. Ukikosea sentimita moja kwenye 71.6, umekosea kwa asilimia 1.4. Na mkono ukae mlalo kabisa wakati wa kusoma, kwa sababu ukiinama nyuzi 10 unakula asilimia moja na nusu nyingine. Mkono wenyewe nao una uzito, na uzito huo unaikandamiza mizani hata injini ikiwa imezimwa. Legeza mbao, zungusha ngoma kwa mkono taratibu kwenda upande mmoja kisha upande mwingine, chukua wastani wa namba mbili utakazoziona, huo ndio uzito wa kutoa kila unaposoma. Kuhusu mizani, chupa ya maji ya lita moja na nusu inatosha kuihakiki: lita ya maji ni kilo moja, ongeza gramu chache za chupa yenyewe.

Ngoma ndiyo iliyonifikirisha zaidi. Wengi wanakimbilia ngoma ya breki ya gari kutoka kwa wauza vyuma chakavu na kuifunga moja kwa moja kwenye shafti ya injini. Naomba usifanye hivyo. Gari likienda kilomita 120 kwa saa, tairi lake linazunguka takriban mara 1000 kwa dakika, kwa hiyo ngoma ile ilitengenezwa kwa mwendo wa aina hiyo. Injini ndogo ya petroli inazunguka mara 3600. Ngoma yenye kipenyo cha sentimita 25 kwenye mwendo huo, ukingo wake unakimbia mita 47 kwa sekunde. Kwa chuma cha kuyeyusha na kumimina, kile kinachovunjika kama kigae, mafundi wa tangu enzi za mitambo ya mvuke wamekuwa wakiona mita 30 kuwa ndio mpaka. Ongeza joto la breki na ufa mdogo usioonekana, na una kipande cha chuma kinachoruka gereji nzima.

Ya kwangu ni kipande cha bomba la chuma nene, kipenyo sentimita 20, kilichochomelewa kwenye sahani ya chuma na kukerezwa mpaka kikawa duara kamili. Imekaa kwenye shafti yake yenyewe, juu ya beringi mbili za kufungwa kwa bolti kwenye fremu, zile zile za mashine za kusaga. Injini inaizungusha kwa mkanda, puli ndogo kwenye injini na puli kubwa mara tatu kwenye ngoma. Injini ikiwa 3600, ngoma iko 1200, na ukingo wake hauvuki mita 13 kwa sekunde. Mkanda unakula kidogo, weka asilimia 5 ukiwa umekazwa vizuri, lakini faida yake ni kubwa: kani kwenye mizani inaongezeka mara tatu na kusoma kunakuwa rahisi.

Mbao ni mninga, vipande viwili vilivyochongwa nusu duara, vimeshikwa na bolti mbili ndefu zenye nati za masikio. Kati ya nati na mbao kuna spring za valvu za lori. Spring hizo usiziache. Bila hizo, robo mzunguko wa nati inatosha kuifanya breki ing'ate na kuizima injini. Nazo zikiwepo, unakaza kwa vidole na mzigo unaongezeka polepole.

Halafu kuna joto. Kila kitu injini inachotoa kinaishia pale kwenye ngoma. Kilowati tatu ni birika mbili za umeme zinazochemka kwa pamoja ndani ya chuma kidogo, na mbao kavu zitaanza kutoa moshi kabla hujamaliza kuandika namba ya kwanza. Dawa yake ni maji, lakini ndani ya ngoma, si juu yake. Mdomo wa ngoma yangu una pete iliyorudi ndani sentimita moja na nusu. Ngoma ikishakuwa kwenye mwendo, unamimina maji ndani kwa mpira mwembamba, nayo yanajibana ukutani pande zote, juu na chini, kwa kani inayozidi uzito wake mara zaidi ya mia moja. Hayamwagiki. Yanakaa pale yakipokea joto, yanachemka, mvuke unatoka, chuma kinabaki karibu na nyuzi 100. Kwa kilowati tatu yanaondoka mililita 70 hivi kila dakika, kwa hiyo nusu lita inakupa muda wa kutosha kupima bila pupa. Kumbuka tu kwamba ukizima, maji yote yaliyobaki yanaanguka chini kwa mpigo yakiwa ya moto. Weka karai, na simama mbali.

Kwa usalama, kuna mambo matatu ambayo mtu asiniambie hana muda nayo. Mkono uwe na vizuizi vya chuma juu na chini, ili breki iking'ata usizunguke na kumpiga mtu. Ngoma na mkanda vifunikwe kwa bati nene, na hakuna anayesimama kwenye mstari wa mzunguko wake. Na kazi ifanyike nje, kwa sababu moshi wa petroli ndani ya chumba una gesi inayoua bila kunusika.

Kupima kwenyewe ndiko kunakofundisha. Injini inawaka, inapata moto, lever ya mwendo inasogezwa mpaka mwisho. Takometa ya mwanga, kile kifaa cha kuhesabu mizunguko, inaelekezwa kwenye kipande cha karatasi inayong'aa kilichobandikwa kwenye ngoma. Inasoma 1250, labda 1260. Kaza nati kidogo. Mizani inapanda hadi kilo moja, na mwendo haujabadilika sana. Sasa acha kutazama namba, tazama kabureta. Ule mkono mdogo wa gavana umesogea. Kaza tena: kilo moja na nusu, mbili. Mkono wa gavana unaendelea kufungua, na mlio unabadilika, unakuwa mzito, unatoka kifuani mwa injini badala ya kwenye ekzosi. Mwendo umeshuka kidogo tu. Kisha inafika hatua ambapo mkono wa gavana umegota. Mlango umefunguka wote, injini haina cha kuongeza. Ukikaza zaidi ya hapo, mwendo unaanza kuporomoka kweli, na mlolongo wa namba unaouandika kuanzia hapo, kilo na mizunguko, kilo na mizunguko, ndio uwezo halisi wa injini hiyo. Kabla ya hapo ulikuwa unapima gavana.

Mizani itacheza. Injini ya silinda moja inapiga mara moja kila mizunguko miwili, na mbao nazo zinashika na kuachia. Nimefunga kwenye mkono sahani ya bati inayozama ndani ya kopo la oili chafu, ikatulia kiasi cha kusomeka.

Sasa tutegemee namba gani? Chukua injini ya Honda GX160, kwa kuwa karatasi zake ziko wazi na wengi wanaifahamu. Silinda yake ina kipenyo cha milimita 68 na pistoni inasafiri milimita 45, ujazo cc 163. Mtengenezaji anaandika kilowati 3.6 kwenye mizunguko 3600, na torki, yaani nguvu ya kuzungusha shafti, ya Nm (niutoni mita) 10.3 kwenye 2500. Zamani injini hiyo hiyo iliuzwa ikiitwa farasi 5.5, leo inaandikwa 4.8. Injini haikudhoofika, ila namna ya kuandika imebadilika: namba ya zamani ilikuwa ya jumla, ya sasa ni ya injini ikiwa imevaa vitu vyake vyote. Marekani suala la farasi wa kwenye stika za mashine za kukata nyasi lilifika mahakamani mwaka 2004, likaisha kwa makubaliano mwaka 2010, na wanunuzi wakalipwa. Huku kwetu stika inasema farasi 7.5 na hakuna wa kuiuliza.

Unaweza kuiuliza hata bila breki. Injini za petroli za aina hii, zinazopozwa kwa hewa, hutoa torki ya kama Nm 6 kwa kila cc 100, kwenye mwendo wake mzuri kabisa. Injini ya cc 163 yenye stika ya farasi 7 ingetakiwa kutoa karibu Nm 14 kwenye mizunguko 3600, na haiwezekani. Usitazame stika, uliza kipenyo cha silinda na safari ya pistoni. Ukikuta 68 kwa 54 hiyo ni cc 196, nayo kweli ni kubwa kuliko ile ya 68 kwa 45, ingawa kwa nje zinafanana kama mapacha.

Kisha kuna mwinuko, na hili wauzaji wa Dar es Salaam hawalitaji kabisa. Injini hizi hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa hewa inakuwa nyepesi. Arusha tuko kama mita 1400, tumeshapoteza asilimia 16. Mbeya, mita 1700, karibu asilimia 20. Kwa hiyo GX160 nzima kabisa, ikipimwa hapa, itoe kilowati 3 badala ya 3.6, ukiondoa na mkanda ibaki 2.9 hivi. Kwenye mkono wangu wa sentimita 71.6, ngoma ikiwa 1200, hiyo ni kilo tatu na robo. Namba hiyo nimeiandika ukutani kwa rangi. Anayenunua pampu ya kupeleka milimani anapaswa kuambiwa hivi kabla hajatoa hela, achukue kubwa zaidi tangu mwanzo.

Umbo la namba nalo linasema mengi. Nguvu ikiwa chini kwenye kila mwendo, natazama mgandamizo: ringi, valvu, gasketi ya kichwa. Ikiwa nzuri kwenye mwendo mdogo na kuporomoka kwenye mkubwa, injini inakosa hewa au mafuta: chujio limejaa vumbi, jeti, yaani kitundu cha mafuta cha kabureta, imeziba nusu, au ekzosi ina masizi. Ikipanda na kushuka yenyewe kila baada ya sekunde chache, mafuta hayafiki sawasawa kwenye kabureta, na pengine ni tundu la hewa la kifuniko cha tangi. Na ikiwa dhaifu kote huku ekzosi inapata moto kupita kiasi, nafungua flaiwili kutazama ile kii yake, kipande kidogo cha chuma kinachoizuia isiteleze kwenye shafti. Ikikatika nusu, flaiwili inajisogeza, cheche inaweza kuchelewa, na kwa resi tupu huwezi kujua, inawaka na kulia kama kawaida.

Ninachowaomba mafundi wenzangu ni kupima kabla ya kufungua, siyo baada tu. Injini ikiingia gerejini, ibebeshe mzigo kwanza, andika namba. Ukimaliza ovahoo, ipime tena, na namba zote mbili ziende kwenye risiti pamoja na tarehe. Mteja aliyelipa ringi mpya na kusaga valvu ana haki ya kuona kwamba kilo mbili na nusu zimekuwa tatu na robo. Na zisipopanda, fundi ndiye anayetakiwa kulijua hilo kwanza, injini ikiwa bado mezani kwake.

Kazi iliyobaki kwangu ni dizeli za silinda moja, zile za kulala zinazoendesha mashine za kusaga. Ile iitwayo S195 inaandikwa farasi 12 kwenye mizunguko 2000, na ngoma hii ndogo haiwezi kumeza joto hilo kwa dakika nyingi. Kwa mwendo ule puli ya mbili kwa moja inatosha, ngoma inabaki kwenye mizunguko 1000, na mizani haitazidi kilo 12, kwa hiyo mkono na mizani vinafaa kama vilivyo. Kinachotakiwa ni ngoma pana zaidi, ya sentimita 30, yenye mdomo wa kubeba lita mbili, na mfereji wa kuingiza maji bila kukoma. Bomba la kipenyo hicho nimeshaliona kwa muuza vyuma, lina unene wa milimita 10. Nitakalohakikisha kwanza ni kama fundi wa kukereza anayo mashine ya kulipokea.